Diski ya Wote, Kufuli la Mmoja

Programu ikigoma kuingia kwenye kompyuta yako mwenyewe, pa kuanzia unapajua: diski ni yako, na kosa limo humo humo mbele yako. Ikigoma kuingia kwenye diski ya mtandao inayotumiwa na ofisi nzima, kosa laweza kuwa popote kati ya kidole chako na chumba cha seva. Laweza kuwa kwenye waya, kwenye ruhusa, kwenye saa ya kompyuta, au kwa mwenzako aliyetoka kwenda kula bila kufunga kazi yake. Nimefanya ufundi wa kompyuta Bagamoyo kwa miaka mingi, na katika shida zote nilizoitiwa hakuna iliyoninoa akili kama hii.

Ofisi nilikokutana nayo nikiwa fundi wake sitaitaja. Ilikuwa ndogo, upande wa Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo, na kazi yake ilikuwa kuchakata madodoso ya afya na kilimo yaliyokusanywa vijijini, kuanzia Mapinga na Kerege hadi ng'ambo ya mto Wami, njia ya kwenda Saadani. Wadadisi walirudi na vishikwambi vilivyojaa vumbi, data zikashushwa kwenye seva, na watakwimu wakakaa nazo hadi zitoe majibu. Anayeijua Bagamoyo kwa magofu ya Kaole na Chuo cha Sanaa pekee anaweza kushangaa, lakini mji huu umezoea kazi za utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake hapa, na kuanzia 2009 Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza Oktoba 2021. Ofisi yetu haikuhusika na kazi hiyo. Naitaja kwa sababu hesabu zinazofanywa kwenye mwambao huu huenda mbali, na hesabu hazifanyiki kama programu ya kuzifanyia haitaki kuingia.

Programu tuliyoitegemea inaitwa R. Iliasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, toleo lake kamili la kwanza likatoka 2000, na haiuzwi. Yenyewe ni nyepesi. Nguvu yake imo kwenye vifurushi ambavyo watu wa dunia nzima wameviandika na kuvitoa bure, na leo katika hazina yake kuu vimepita 20,000. Unataka kuchora ramani ya vijiji, unaita kifurushi cha ramani. Tatizo ni kwamba kifurushi hakiji peke yake. Cha ramani kinadai cha jiometri, cha jiometri kinadai kingine cha kusomea mafaili, na kabla hujakaa vizuri umeshusha msururu mzima.

Kwa ofisi yenye intaneti nene hilo si neno. Sisi tulikuwa kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, tukitumia laini nyembamba na bando lililokwisha kabla ya mwezi. Ni kweli mambo yalikuwa yamenyooka kuliko zamani. Kabla ya Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi, nchi nzima ilitegemea setilaiti, na waliokuwepo wanakumbuka kusubiri ukurasa mmoja kama mtu anayesubiri kivuko. Lakini mkongo kufika pwani ya Dar ni jambo moja, na bando kutosha kwenye ofisi ya Magomeni ni jambo jingine. Kwa hiyo aliyenitangulia kazini aliamua kwamba vifurushi visakinishwe mara moja tu kwenye diski ya mtandao, tuliyoiita Z, na kila kompyuta ivisome hapo. Bando likaokolewa. Naitetea nia ya uamuzi ule hadi leo, kwa maana ulitoka kwa mtu aliyejua thamani ya megabaiti moja.

Matatizo yalianza watumiaji walipoongezeka. Kijana wa mafunzo kwa vitendo, aliyetoka chuo kimoja cha Dar, alikuwa akichungulia mlangoni kwangu karibu kila siku: "Kaka, imegoma tena." Ujumbe haukuwa mmoja. Leo kompyuta ilisema haiwezi kuhamisha folda ya muda kwenda mahali pake. Kesho ilisema ruhusa imekataliwa. Keshokutwa ilisema folda imefungwa. Na kulikuwa na siku ambazo ukirudia mara kadhaa inakubali yenyewe, jambo ambalo kwa fundi ni baya kuliko kugoma moja kwa moja, maana watu huanza kujenga imani juu yake. Kwetu zilijengeka haraka. Wapo waliosema sakinisha asubuhi kabla jua halijawa kali. Wapo waliosema usisakinishe mvua ikinyesha. Mmoja aliapa kwamba kompyuta ya dirishani ina bahati.

Nilizichukua imani zile kwa uzito, na nawasihi mafundi wenzangu wafanye vivyo hivyo. Mtu asiye fundi anaposema "asubuhi inakubali," amefanya uchunguzi wa wiki nyingi bila kujua. Jua halikuhusika hata kidogo. Asubuhi ilikubali kwa sababu watu walikuwa hawajafika, na mara nyingi hakuna kifurushi kilichokuwa kimefunguliwa. Mvua ilihusika kwa mlango wa nyuma: wakati wa masika umeme ulikuwa ukikatika, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji unaacha uchafu. Kompyuta ya dirishani ndiyo pekee ambayo antivairasi yake ilikuwa imekwisha muda.

Hapo inabidi nieleze kinachotokea mtu anapobonyeza kitufe cha kusakinisha, maana bila hilo ujumbe wote ule hausomeki. Kompyuta hushusha kifurushi kikiwa kimebanwa, hukifungua ndani ya folda ya muda, halafu huihamisha folda hiyo kwa kuibadilisha jina iwe mahali pake pa kudumu. Kwenye diski ya ndani kubadilisha jina ni tendo la mara moja. Kwenye diski ya mtandao ni ombi linalopelekwa kwa mashine nyingine, na kati ya ombi na jibu mengi hutokea. Antivairasi huona faili jipya, hulifungua ilikague, na kwa muda huo mfupi imelishika. Ombi la kubadilisha jina likifika wakati huo linakataliwa. Ukirudia na antivairasi imemaliza, linakubaliwa. Hiyo ndiyo siri ya "rudia mara kadhaa."

R nayo ina tahadhari yake. Inapojenga kifurushi ili kukisakinisha huweka folda ambayo jina lake linaanza na 00LOCK, yaani kufuli, ili wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ikimaliza huiondoa. Umeme ukikatika kabla haijamaliza, kufuli linabaki, na anayefuata kutaka kifurushi hicho, awe amekaa kompyuta yoyote, anakuta mlango umefungwa na hakuna aliye ndani. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kweli hakuna anayesakinisha, kisha kuifuta folda hiyo kwa mkono. Ni kazi ya sekunde chache kwa anayejua, na ni siku nzima ya kulaumu mtandao kwa asiyejua.

Jaribio la kwanza nililokuwa nikifanya, na ambalo sijawahi kuliacha, ni kusakinisha kifurushi hicho hicho kwenye diski ya ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kikiingia, intaneti ni nzima, kifurushi ni kizima, programu ni nzima; nusu ya washukiwa wameachiwa huru. Kisha nakwenda kwenye Z na kutengeneza faili tupu kwa mkono, nalibadilisha jina, nalifuta. Hapa kuna mtego. Seva yetu ilikuwa ya Linux ikigawa diski kwa Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na folda ya vifurushi ilikuwa imewekewa sharti kwamba kila mtu anaweza kuongeza kitu lakini anayeweza kukiondoa ni mwenye nacho. Sharti hilo ni zuri kwa folda ya nyaraka, kwa sababu humzuia mtu kufuta ripoti ya mwenzake. Kwa vifurushi ni balaa. Kifurushi alichokiweka mmoja hakikuweza kusasishwa na mwingine, kwa kuwa kusasisha ni kuondoa cha zamani. Fundi akijaribu kwa faili lake mwenyewe anaona kila kitu kinakwenda, anaondoka akisema diski haina tatizo. Lazima ujaribu kwa faili la mwenzako.

Mtego mwingine ulimsumbua fundi mzuri sana aliyekuja kutusaidia kutoka Dar. Alifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, akaita Z, akaambiwa hakuna Z. Akahitimisha kwamba seva imekufa, huku wenzake wawili pembeni wakifungua mafaili kutoka Z hiyo hiyo. Seva ilikuwa hai. Kwenye Windows herufi ya diski ya mtandao hufungamana na kikao cha aliyeiunganisha, na msimamizi, hata akiwa ni mtu yule yule kwenye kiti kile kile, huhesabiwa kuwa kikao kingine. Ukiandika njia kamili ya seva badala ya herufi, folda inaonekana. Lakini dirisha la amri la zamani halikubali kufanyia kazi ndani ya njia inayoanza na mikwaju miwili, kwa hiyo baadhi ya vifurushi vinavyojengwa kwa kuliita dirisha hilo vinaanguka njiani vikitoa ujumbe usiotaja kabisa neno mtandao. Hakuna cha kumwaibisha mtu hapo. Mambo haya hayafundishwi darasani, wala huwezi kuyakisia.

Mwambao una yake pia. Hewa ya chumvi inatafuna shaba. Vichwa vya nyaya upande wa ofisi unaotazama baharini vilikuwa na ukungu wa kijani, na kompyuta zilizokuwa hapo zilishuka kasi na kuacha mafaili nusu nusu. Kuvikata na kubana vichwa vipya kulimaliza malalamiko ambayo mtu angeweza kuyatafutia ufumbuzi ndani ya programu kwa mwezi mzima. Kompyuta nyingine, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ilikuwa na betri ndogo ya saa iliyokufa. Kila umeme ulipokatika ilirudi miaka nyuma. Tovuti salama hutambulishwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni zamani huviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika, na inakataa kushusha chochote. Ujumbe ulisema imeshindikana kuunganishwa. Betri ile ni ya ukubwa wa sarafu, na inapatikana hata kwa mafundi saa.

Halafu kuna makosa yanayotoka mbali kabisa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupita kwenye udhaifu wa namna ya kizamani ya Windows ya kugawana mafaili. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi mwaka huo, na kuanzia toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2017 namna hiyo ya kizamani ilianza kuondolewa kwenye mashine mpya. Ulikuwa uamuzi sahihi. Kwetu matokeo yake yalikuwa kwamba kompyuta mpya zilipowasili, kasha letu la zamani la kuhifadhia nakala, ambalo halikujua lugha nyingine zaidi ya hiyo, likawa halionekani kwazo, wakati kompyuta kuukuu zililiona. Vijana walisema kompyuta mpya ni mbovu. Tulilistaafisha kasha.

Nimeyataja haya kwa sababu yote yalitokea, lakini lililotutesa kuliko yote halikuwa kwenye waya wala kwenye ruhusa. Mtakwimu wetu mkuu alikuwa mama wa makamo ambaye ofisi nzima tulimwita Mama. Ndiye aliyekuwa na hesabu nzito za ramani, na hesabu hizo zilikwenda siku mbili tatu bila kuzimwa. Siku moja alinisimamisha koridoni. "Mwanangu, nimeona jambo. Mimi nikifungua ramani zangu, wenzangu ndipo wanapolalamika. Nimeona aibu kusema."

Nilirudi kwenye seva nikatazama orodha ya mafaili yaliyofunguliwa. Samba huitoa kwa amri moja, ikitaja nani ameshika nini na tangu lini. Vifurushi vyote vilivyokuwa vikigoma kusasishwa vilikuwa vimeshikwa na kompyuta ya Mama. Faili la programu linalotumika haliruhusiwi kubadilishwa mtumiaji akiwa bado amelishika, na Mama alikuwa amelishika kihalali, akifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wenzake nao walikuwa na haki ya kutaka toleo jipya. Hakuna aliyekosa. Mpangilio wenyewe ndio uliowafanya watu wazuri wazuiane.

Mimi naamini hapo ndipo ufundi wa vitu vya pamoja unapotofautiana na ufundi mwingine. Huwezi kumwendea mtu mzima, aliyekuzidi umri na elimu, ukamwambia yeye ndiye kikwazo. Mama alikuwa ameona ukweli kabla yangu, na aliunyamazia kwa kuogopa kuonekana mzigo. Nilimpelekea ile orodha, tukaketi nayo pamoja. Akaisoma taratibu, kisha akauliza swali ambalo sisi mafundi tulikuwa hatujaliuliza: "Kwani lazima wote tule kwenye sahani moja? Si kila mtu apakue chake?"

Ndivyo tulivyofanya. Tuliacha kugawana mahali pa kusakinishia, tukaanza kugawana vifurushi vyenyewe vikiwa bado vimebanwa. Seva ikawa na hazina ndogo ya ndani: kila kifurushi kinashushwa kutoka intaneti mara moja, kinawekwa hapo, na orodha yake inaandikwa. Kila kompyuta ikaelekezwa kuchukua kutoka hazina hiyo na kusakinisha kwenye diski yake ya ndani. R inaruhusu hayo bila gharama yoyote. Unaiambia tu hazina iko wapi. Bando likaendelea kuokolewa kama alivyotaka aliyenitangulia, na kufuli la mmoja halikumfungia mwingine tena. Nafasi iliyoliwa kwenye diski za ndani ilikuwa ndogo kuliko tulivyohofia.

Baadaye niliona watengenezaji wa R wenyewe wamebadilisha jambo la karibu na hilo. Katika toleo la 4.2.0 la mwaka 2022, maktaba ya mtumiaji kwenye Windows ilihamishwa kutoka folda ya nyaraka kwenda folda ya ndani ya mashine. Folda ya nyaraka ndiyo ofisi nyingi huipeleka kwenye mtandao kimyakimya, na watumiaji hawajui kwamba kila wanaposakinisha wanaandika kwenye seva. Kama ofisi yako bado ina toleo la zamani, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Hazina ile ilitufaa kwa namna ambayo hatukuipanga. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilikuwa ikija kwa matone. Wiki hiyo hiyo kompyuta moja ya ofisi ililazimika kufutwa na kuwekwa upya. Kijana, ambaye sasa si wa mafunzo tena, aliisakinishia kila kitu kutoka kwenye seva na Mama akaendelea na ramani zake.

Kitu kingine tulichoanzisha ni daftari, la karatasi, lililokaa juu ya meza ya seva ili lisomeke hata umeme ukiwa haupo. Kila kosa liliandikwa tarehe, kompyuta gani, nani alikuwa amefungua nini, ujumbe kama ulivyotokea kwenye kioo neno kwa neno, kisha kwa Kiswahili maana yake na kilichoutibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice ya mradi wa Kilinux, kwamba menyu za kompyuta zinaweza kusema Kiswahili vizuri. Lakini kompyuta inapokwama, mara nyingi bado inalalamika kwa Kiingereza, na kijana aliyesoma shule ya kata huona ujumbe huo kama hukumu, akaubonyeza uondoke kabla hajausoma. Daftari liliwafanya wausome. Baada ya muda walikuwa wakiniita wakiwa wameshajua kosa ni la aina gani, na mara nyingi hawakuniita kabisa.

Nawaomba wakuu wa vyuo, hospitali na ofisi za halmashauri kuanzia Bunju hadi Pangani: kabla hamjaidhinisha fedha za seva mpya kwa sababu "mtandao unasumbua," mwombeni fundi wenu awaonyeshe mambo mawili, hazina ya vifurushi iliyo ndani ya ofisi na daftari la makosa lililoandikwa kwa Kiswahili. Kama hayapo, mpeni wiki moja na daftari jipya ayaanze. Nawe fundi mwenzangu, waulize wasio mafundi wameona nini, na uandike wanachokujibu.